Aitikaye Ndiye Mwinyi

Hebu niambie wewe unayesoma: ukoo mzima umekaa sebuleni, cheo cha marehemu baba yako kimeitwa kwa sauti, umeitika, na kabla mate hayajakukauka mdomoni mtu mwingine naye ameitika cheo hicho hicho. Ungefanyaje? Ungenywea, au ungemwaga chai?

Fundi hakunywea, na chai hakuimwaga. Alilitua sinia juu ya meza ndogo, akavigeuza vikombe hadi vishikio vyake vyote vikatazama upande mmoja, kama alivyofundishwa na mama yake. Ndipo akainua macho.

"Mwinyi!" ndivyo Shangazi alivyoita wiki iliyopita tulipowaacha. Sauti mbili zikajibu, "Naam!"

Moja ilikuwa ya Fundi, mlangoni na sinia lake. Ya pili ilikuwa ya Binamu, mtoto wa pekee wa Shangazi, aliyekwisha kujikalisha kwenye kiti cha marehemu, miwani ya jua usoni humo humo ndani ya nyumba.

"Wewe nani kakuita?" Shangazi alifoka.

"Umeita Mwinyi, Shangazi. Nimeitika."

"Si ulikwenda kazini?"

"Nimerudi."

"Umerudi kufanya nini?"

"Nilisahau tupa."

Watu wakatazamana. Maana asubuhi ile mteja asiyejulikana alimpigia Fundi simu, eti amefungiwa nje ya nyumba yake, aje mbio, huko mwisho kabisa wa mji. Fundi ni fundi wa kufuli. Ana kibanda chake kwenye kona, funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia ukutani kama dagaa. Alikuwa njiani tayari alipopapasa mfuko wa kazi na kukuta tupa yake ya kuchongea funguo haimo, na fundi wa kufuli bila tupa ni kama kinyozi bila wembe. Akarudi. Akapitia mlango wa jikoni. Akamkuta mama yake anamimina chai ya wageni ambao hakuna aliyemwambia wamefuata nini.

"Hata huyo mteja wangu," alisema Fundi, "ngoja nimpigie nimwombe radhi."

Akabonyeza simu yake.

Mfuko wa shati la Binamu ukaanza kuimba.

Shemeji mmoja aliyekaa karibu na dirisha alicheka, akajifanya anakohoa. Binamu akaizima simu haraka, miwani ikamteleza hadi puani.

"Nilikuwa nakutafutia riziki, dada," akasema.

"Riziki yangu umeiona mbali sana, ndugu yangu."

Sasa, kwa aliyeikosa hadithi tangu mwanzo, nimwambie kwa ufupi asipotee. Ukoo huu ulitawala zamani. Enzi zimekwenda, mashamba yamekwenda, na kilichobaki ni nyumba moja kubwa yenye ukuta unaobanduka chokaa, pamoja na vyeo vyake. Mwinyi ndiye mwenye nyumba na neno la mwisho. Bibi Mkuu huteuliwa na Mwinyi, na hulala chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Waziri ni mtu wa kutumwa mjini. Liwali ni mzee mwenye fimbo. Majirani huwaamkia kwa vyeo hivyo, wakigeuka huwacheka.

Na vyeo vya nyumba ile haviandikwi popote. Huitwa, na huitikiwa. Liwali akigonga sakafu kwa fimbo, kikao kimeanza, na kila wito ni wito wa kweli mpaka atakapogonga tena kukifunga. Ukiitwa kwa cheo ukaitika, ni chako, wala hakuna kurudisha. Na mdomo mmoja haubebi vyeo viwili.

Shangazi ndiye mwitaji, kwa kuwa ndiye dada mkubwa wa marehemu. Ndiye pia Bibi Mkuu. Cheo hicho kwa desturi ni cha mke wa Mwinyi, lakini mke wa Mwinyi aliingia nyumba ile na pasi mkononi, kufua na kupiga pasi nguo za wakubwa. Hata baada ya ndoa wakamwita Dobi. Marehemu alimpenda kimyakimya, na kimya hakina shahidi. Chumba chake mpaka leo ni chumba cha pasi, nyuma kabisa, karibu na mabomba.

Shangazi alikuwa amekwisha kutangaza: mwanawe akiitika tu, kabla chai haijapoa, Dobi nje.

Na Fundi alikuwa amejiapiza: mama yake atalala chumba cha mbele, hata kama itabidi aibebe hasira ya Shangazi kama gunia.

"Liwali!" Shangazi alimgeukia mzee. "Huoni? Mtoto wa Dobi anaingilia wito wa watu!"

Liwali, baba mdogo wa marehemu, alikuwa anaitazama chai. Mzee huyu akikaa anasinzia, akisinzia anasikia, na ni hilo watu walilokuwa wanalisahau.

"Mtoto wa Mwinyi pia," alisema.

"Tangu lini Mwinyi akavaa sketi?"

"Mama yake baba yangu alikuwa Mwinyi," alijibu Liwali. "Na alikuwa na mkono mzito."

"Basi hata kuitika hajui! Mwanamke huitika abee!"

"Mwinyi huitika naam," alisema Fundi. "Ningesema abee ungesema nimejiita mtumishi."

"Wewe ni mtumishi! Mama yako mtumishi, wewe mtumishi, na watoto utakaowazaa wataogea maji ya kufulia!"

"Afadhali ya kufulia, Shangazi. Yana sabuni."

Shemeji wa dirishani akakohoa tena.

Liwali akagonga sakafu. "Wameitika wawili, wito umeharibika. Nimefunga. Tule kwanza. Tukishakula, ataitwa upya, mara moja tu. Na mwitaji," akamnyooshea Shangazi fimbo, "achunge ulimi wake. Fimbo ikigonga, neno limetoka."

"Mimi nifundishwe kuita?" Shangazi alibenua midomo. "Nimezaliwa naita."

Chakula kilipikwa na nani? Na Dobi. Vyombo vilioshwa na nani? Na Dobi. Wakubwa walikula kwa hasira, na hasira huongeza njaa, sufuria zikarudi tupu.

Fundi alimfuata mama yake chumba cha pasi. Kilikuwa chumba chembamba chenye meza moja ndefu, blanketi lililoungua ungua juu yake, bakuli la wanga, na pasi ya chuma ya zamani ambayo mama hakutaka kuibadilisha kwa ile ya umeme. Nyuma ya mlango palikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa kanga, fundo limekazwa vizuri. Fundi aliliona akadhani ni nguo za kupelekwa kwa watu.

"Mwanangu, kaa hapo," mama alisema. "Nina neno."

"Nami ninalo, mama. Leo unahama chumba hiki."

"Ndilo hilo ninalotaka—"

Krak!

Walikuwa hawajauona mkono wa Binamu. Mlango umevutwa, ufunguo umezungushwa kwa nje.

"Kaa humo na Dobi wako, dada!" alicheka upande wa pili. "Wenye nyumba tuna kikao."

Fundi naye akacheka, cheko la kweli. "Ndugu yangu, umenifungia mimi? Mimi? Huko ni kumtisha samaki kwa maji!"

"Ndiyo maana nimefanya hivi."

Ikasikika sauti ndogo, kavu, kama kijiti kinavunjwa.

Fundi akaacha kucheka. Akapiga goti, akachungulia kwenye tundu. Giza tupu. Binamu alikuwa ameuvunja ufunguo humo ndani ya kitasa, nusu yake imekwama. Kitasa kilichokufa hivyo hata aliyekitengeneza hakifungui kwa haraka. Na mfuko wake wa kazi uko jikoni.

Nyayo zikaenda zake sebuleni.

"Mwache," alisema mama, taratibu. "Mwache aitike. Kaa hapa na mimi."

"Mama, usinikatishe tamaa."

"Sikukatishi tamaa. Nakuomba."

Fundi hakusikia. Alikuwa anautazama mlango kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Kitasa kimekufa, sawa. Lakini mlango una pande mbili. Upande wa pili kuna bawaba, na bawaba za mlango ule zilikuwa ndani, zimepakwa rangi juu ya rangi, nene kama uji. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu pekee alichokuwa nacho.

Tupa. Ile ile aliyoisahau asubuhi na kurudi kuichukua.

"Nipe pasi, mama."

"Ya nini?"

"Nyundo."

Akaiweka ncha ya tupa chini ya pini ya bawaba, akaipiga kwa kitako cha pasi. Rangi ikabanduka. Akapiga tena.

"Mwanangu, weka hiyo chini unisikilize. Siku ile baba yako aliponileta—"

"Baadaye, mama. Shika hapa, usiuache uegemee."

"Si neno la baadaye hili."

"Wakiita nikiwa humu, jioni hii utalala wapi? Niambie! Utalala wapi?"

Mama alilitazama furushi nyuma ya mlango. Akafungua mdomo kujibu.

Pini ya kwanza ikaruka, ikalia sakafuni. Jibu likapotea kwenye mlio huo.

Huku sebuleni wakubwa wameshakaa. Binamu amerudi kwenye kiti, safari hii amevua miwani, ameketi wima kama mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Shangazi amesimama mbele yake, amejifunika mtandio wa hariri, shingo ndefu.

"Wote wapo?" Liwali aliuliza.

"Wanaohusika wapo," Shangazi akajibu.

"Na yule binti?"

"Ameona aibu. Mwenye haya hajifichi bure."

Liwali akamtazama kidogo. Akainua fimbo, akagonga. Kikao kimeanza.

Akafumba macho.

Shangazi akavuta pumzi. Hili neno alikuwa ameliweka kifuani tangu kaka yake alipoanza kuugua. Akafungua mdomo, akaanza, "Mwi—"

GUMM!

Nyumba nzima ilitikisika. Chokaa ikamnyunyizia mabega shemeji wa dirishani. Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa umelala chali kwenye ukumbi, na juu yake, tupa mkononi na vumbi nyweleni, alikuwa anakuja Fundi.

Shangazi akapandwa na mori. Akasahau fimbo, akasahau kikao, akasahau kila alichozaliwa nacho. Akamgeukia mwanawe kwa sauti ile ile, na jina lile lile la utani, ambavyo amemwitia tangu akiwa hajui kufunga vifungo vya shati:

"Waziri! Si ulisema umemfungia?"

"Naam, mama!" Binamu aliruka kutoka kitini kama chura. "Nimemfungia, na ufunguo nikauvunja!"





Liwali akafumbua jicho moja.

"Ameitika," akasema.

"Nani ameitika?" Shangazi alishika mtandio.

"Umeita Waziri baada ya fimbo. Ameitika naam, tena kwa kusimama. Ni Waziri. Hongera zake."

"Sikumwita hivyo! Nilimwita kama mama!"

"Kama mama ungemwita mwanangu. Umemwita Waziri."

"Mama!" Binamu alilia, kijana mzima. "Mama, umeniita nini?"

"Nyamaza! Na wewe unaitika itika nini? Huna akili? Mtu akiitwa ndiyo kuitika?"

"Umenifunza mwenyewe! Nikichelewa kuitika ulikuwa unanichapa!"

Shemeji wa dirishani alitoka nje kabisa, tukamsikia anacheka barazani bila kujifanya anakohoa.

Liwali akawa hana haraka. Akanywa funda la chai baridi. "Cheo cha Mwinyi bado kiko hewani. Mwitaji, ita."

"Siiti."

"Usipoita, ninakifunga kikao bila Mwinyi, na cheo kimekufa. Kikifa cha Mwinyi vimekufa vyote. Kesho majirani watakuamkia Mama Fulani, kama wengine."

Hapo ndipo palipomchoma. Shangazi aliweza kuvumilia mengi, lakini si kuamkiwa kama wengine. Akamsogelea Fundi hadi manukato yake yakamfika puani.

"Unajua unachokitaka wewe? Unadhani ni kiti tu? Mwinyi hana nyumba nyingine. Toka siku anayoitika hadi siku anayobebwa, haruhusiwi kulala penginepo. Baba yako alipougua daktari ndiye aliyeletwa hapa, kwa kuwa yeye hakuweza kwenda kulazwa. Amekufa kwa sababu ya sharti hilo. Hicho kibanda chako cha funguo utakiona mchana tu, kama mfungwa aliyepewa ruhusa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bado unataka?"

"Sikitaki kwa ajili yangu."

"Haya!" Shangazi alitabasamu, tabasamu baya ambalo Fundi angepaswa kuliogopa. "Basi kimeze."

Akalitema lile neno kama mfupa uliomkwama kooni.

"Mwinyi."

"Naam," akasema Fundi.

Mara hii ilikuwa sauti moja tu. Liwali akainamisha kichwa. Mmoja mmoja, wengine nao wakainama, mwingine kwa hiari, mwingine kwa shingo ngumu. Binamu alikuwa wa mwisho.

Fundi hakukaa kwenye kiti. Alisimama palepale na vumbi lake, akaangalia ukumbini. Mama yake alikuwa amefika kwenye kizingiti. Alikuwa amevua aproni, ameikunja mara mbili, na lile furushi lilikuwa kwenye mkono wake.

"Neno langu la kwanza," alisema Fundi kwa furaha. "Chumba cha mbele kitolewe vitu vya Shangazi. Sasa hivi. Waziri atavibeba."

"Mimi?" Binamu aliguna.

"Si wewe ndiye Waziri?"

"Nyoka we!" Shangazi alipiga yowe. "Nimekulea kwenye nyumba hii!"

"Umenilea kwa kunitukania mama. Leo ukoo wote utamsikia akiitwa kwa haki yake."

Fimbo ilikuwa bado haijagonga kufunga. Kila wito ulikuwa wito. Fundi akamgeukia mama yake, akaita kwa sauti iliyofika mpaka barazani:

"Bibi Mkuu!"

Shangazi akauma midomo asije akaitika kwa mazoea.

Mama hakuitika.

Fundi akatabasamu. Alidhani ni mshituko. Mtu aliyeitwa Dobi miaka yote, masikio yake lazima yajifunze.

"Bibi Mkuu!" akarudia. "Mama, ni wewe. Itika."

Mama alimtazama tu. Uso wake haukuwa na furaha, wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kituoni akaona mkia wa basi.

"Ana nini huyu?" alinong'ona mtu.

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kucheka polepole, kifuani, kicheko kikapanda. "Hataki! Ukoo mzima tumepigana, mlango umeng'olewa, mwanangu ameaibishwa, na mwenyewe hataki! Muulize, Mwinyi! Muulize kilichomo kwenye furushi!"

"Mama?" Fundi alisema. "Si nguo za watu hizo?"

"Hapana," mama alisema.

Akaliweka furushi juu ya meza ndogo, kando ya vikombe, akalifungua fundo. Juu kabisa palikuwa na gauni lake la bluu. Chini yake, mapazia mawili, yamepigwa wanga na pasi mpaka yamesimama kama kadi. Madogo. Ya dirisha dogo.

Fundi aliyajua. Palikuwa na dirisha moja tu la kimo kile duniani alilolipima yeye mwenyewe, la chumba cha nyuma ya kibanda chake, chumba alichokipanga tangu mwanzo wa mwaka na hakumwambia mama, kwa sababu alitaka kwanza amshindie nyumba.

"Ulijua?" akauliza.

"Ulikuja na matone ya chokaa mbichi kwenye kola. Nani anafua kola zako? Siku moja nikapita kibandani wewe haupo, nikalipima dirisha kwa kanga." Mama alilainisha mkunjo ambao haukuwepo. "Nikangoja uniambie. Nikasema, ataniambia akiwa tayari. Leo asubuhi wifi yangu alipoanza kuwapigia watu simu waje, nikafunga furushi. Nikajua leo nafukuzwa. Nikaimba huko jikoni, hukunisikia?"

"Mama, nilikuwa nakupigania."

"Najua."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia weka tupa chini."

Liwali alikuwa ameshika fimbo, hajui aigonge au aiache. Shangazi aliacha kucheka.

Fundi akatazama mlango wa barabarani ulio wazi, akatazama kiti cha baba yake, akatazama sakafu ambayo kuanzia leo hana ruhusa ya kulala pengine ila juu yake. Alifungua vitasa vya mji mzima. Hiki alikuwa amekifunga kwa neno moja, kwa mdomo wake.

"Basi niambie sasa," alisema, na haikuwa sauti ya Mwinyi. "Ulitaka nini, mama? Miaka yote hii, ulikuwa unataka nini?"

Mama akayarudisha mapazia kwenye furushi, akakaza fundo, akaliweka begani.

"Kuondoka," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Ulipokuwa mdogo waliniambia mtoto wa Mwinyi habebwi mgongoni kutoka hapa, nikabaki. Baba yako akaugua, nikabaki. Leo walikuwa wananitoa wenyewe, kwa mikono yao, na wewe ukiwa huna cheo chochote cha kukushika. Nilitaka tufukuzwe, mwanangu. Nilitaka tufukuzwe wote wawili."